Kizibo cha Gunzi

Sikwenda kwenye hitima ya Mzee Athumani ili kumwona Kosmas. Nasema hili mapema kwa sababu wanangu wanacheka. Nilikwenda kwa kuwa Mzee Athumani ndiye aliyenipa kazi dukani kwake nilipokuwa msichana, na kwa kuwa pilau ya nyumba ile, hata ukiwa umeshiba mpaka kwenye kope, itakukalisha chini. Nilivaa kitenge changu kizuri kuliko vyote, nikabadilisha hereni, nikazirudisha za kwanza, nikazibadilisha tena. Hiyo yote ilikuwa heshima kwa marehemu. Basi nimekaa mkekani na wanawake wenzangu, katika uwanja uleule uliokuwa gereji, sahani mkononi, ndipo pikapu nyeupe ikaingia getini ikikohoa, akashuka Kosmas, mvi kichwa kizima, tumbo limemkaa kwa mpangilio kama kila kitu chake. Nyuma yake akashuka mkewe, mwembamba, amemshikia koti. Nikaliangalia lile koti. Nina wajukuu, nina duka langu la spea lenye mlango wa kioo, nina mume mwema aliyebaki nyumbani na mguu wake unaomsumbua, na bado nikamwonea wivu mwanamke kwa sababu ya koti la mtu mwingine. Bibi mmoja pembeni yangu akauliza, "Tekla, mbona huli?" Nikamwambia mchele una mawe. Mungu anisamehe, mchele wa nyumba ile haujawahi kuwa na jiwe.

Uwanja ule ulikuwa mweusi kwa oili mwaka ninaotaka kuusimulia. Ulikuwa mwaka ambao wanunuzi binafsi wa kahawa waliruhusiwa kuingia Mbinga. Kabla yake kahawa ilikuwa na mlango mmoja tu wa kutokea, chama cha ushirika, na duka la Mzee Athumani lilikuwa na rafu ambazo ungeweza kulazia watoto. Kisha ghafla ikawa kama mtu amefungua bomba: mitumba, redio, mabati, soda za rangi ambazo sijaziona tena mpaka leo, na magari, magari, magari, hata kuku wa Mbinga wakajifunza kuangalia kulia na kushoto. Mimi nilikaa duka la mbele nikiuza mafuta ya taa, plagi, nati na mafuta ya breki. Ukipita pazia la magunia yaliyoshonwa pamoja ulitokea uwanjani kwa mafundi, kwenye shimo la kukagulia magari na banda la mabati walimokula. Jioni nikifunga duka nilikwenda shule ya watu wazima, madawati ya watoto, magoti usawa wa masikio, nikisomea kidato cha nne kwa taa ya karabai. Nilihitimu na cheti ninacho. Wapo wanaosema nilipata daraja la nne, lakini lilikuwa la nne lenye nguvu.

Siku yangu ya kwanza dukani Mzee Athumani alinikabidhi msumari na nyundo kabla hajanikabidhi ufunguo. "Debe la mafuta ya taa unalitoboa mara mbili, binti," aliniambia. "Tundu la kumwagia hapa, tundu la kuingizia hewa kule. Ukitoboa moja, mteja wako atasimama hapo mpaka azeeke." Nikasema ndiyo Mzee, nikatoboa, na tangu siku hiyo nikawa natoboa madebe huku nikiimba na kuwasengenya wateja, bila kukumbuka kwamba nilifundishwa.

Mimi na Kosmas tulikuwa tumeelewana. Alikuwa fundi mkuu wa uwanja ule, Mmatengo wa upande wa Mkumbi, mtu aliyepanga spana zake kwa ukubwa kama wanakwaya, na aliyekuwa akinawa mikono kwa mafuta ya taa, kisha sabuni, kisha maji ya moto, kabla ya kugusa sahani yetu. Nasema yetu kwa sababu tulikula sahani moja, nyuma ya pazia, ugali na maharage na likolo, mboga ya majani iliyoungwa kwa karanga, na yeye alikuwa akinisukumia upande wangu maharage yaliyobaki akidhani sioni. Mwisho wa msimu wa kahawa baba yake mdogo, aliyekuwa mshenga, angeshuka ziwani kwetu Liuli kupeleka posa. Uwanja mzima ulijua. Nilikuwa nimeshachagua rangi ya gauni, na wasimamizi, na wimbo wa kuingilia ukumbini, na watu wa kutowaalika.

Ndipo akaja Mbasa. Mbasa ni samaki wa kwetu, mrembo, mwembamba, rangi ya fedha, anayepita majini kama amechelewa mahali. Mimi ndiye niliyeliita lile gari jina hilo, siku ya kwanza, kabla sijajua litanifanya nini. Lilikuwa gari la michezo la zamani, milango miwili, boneti refu kama hotuba, kabureta mbili, na nyuma kiti cha kutosha mkungu mmoja wa ndizi ikiwa ndizi zenyewe hazijakomaa. Ujana wake lilikuwa limeumalizia Ulaya. Bi Rukia alilinunua kwa mhandisi mmoja wa barabara aliyekuwa anarudi kwao. Bi Rukia alikuwa mpwa wa Mzee Athumani, mtu wa Tanga, ameletwa na kampuni ya kununua kahawa, na alikuwa na miwani myeusi, vidole vyenye hina, na kicheko ambacho ukikisikia unajikuta unacheka kabla hujakumbuka kwamba humpendi. Malori yalibeba kahawa. Yeye alitangulia na Mbasa kwenda Mbuji na Kitura kupatana na wakulima, na mimi nakuhakikishia kwamba nusu ya kahawa aliyoipata ni ya watu waliotaka tu kuliona lile gari likigeuza.

"Fundi," alimwambia Kosmas alipolileta, "likiwa mjini ni malaika. Likipanda mlima, linaanza kukata pumzi. Linavuta, linavuta, halafu linakohoa, halafu linazima. Nikikaa kidogo kando ya barabara, linawaka tena kama halijafanya kitu."

"Tangu lini?"

"Tangu nianze milima hii yenu."

Kosmas akafungua boneti, akaangalia ndani, na nikauona uso wake. Ule uso nilidhani ni wangu peke yangu.

Tangu siku hiyo sahani yetu ikawa yangu. "Kula tu, Tekla, nakuja," alisema, na sauti yake ilitokea chini ya Mbasa. Maharage yalipoa. Mimi nilikaa nyuma ya pazia la magunia nikisikiliza, na jambo nililosikia hakuna mchumba anayepaswa kulisikia. "Taratibu, mama. Taratibu. Ongeza kidogo. Hapo hapo. Tulia hapo hapo, usiachie." Kisha Bi Rukia, "Hivi, fundi?" Kisha Kosmas, kwa sauti ya mtu aliyeko kanisani, "Hivyo hivyo. Unasikia anavyoitika?" Nilichungulia kwenye tundu la gunia. Bi Rukia alikuwa amekaa kwenye usukani, mguu mmoja kwenye pedeli ya mafuta, na Kosmas ameinamia kabureta na bisibisi, sikio amelilaza karibu na injini, macho amefumba. Hakuna alichokuwa akifanya zaidi ya hicho. Laiti angekuwa anafanya kingine, ningejua la kusema.

Kila fundi wa uwanja ule alikuwa na ugonjwa wake aliomchagulia Mbasa. Mmoja alisema plagi, zikabadilishwa. Mwingine akasema platini zimeungua, zikapigwa msasa mpaka zikang'aa kama pete. Koili ikashukiwa, pampu ya mafuta ikafunguliwa na kufungwa, valvu zikapimwa, bomba la mafuta likapulizwa kwa mdomo. Wazee waliokuja kunywa kahawa wakasema ni hewa ya Mbinga, ni nyembamba, gari la pwani haliwezi kuizoea, hata wao wenyewe miaka mingine inawashinda. Na kilichowachanganya wote ni hiki: lilipozima barabarani, Kosmas alishuka, akagusa kitu, likawaka. Leo amegusa platini, basi ugonjwa ni platini. Kesho amekaza waya wa koili, basi ni waya. Alirudi uwanjani anaimba, na safari inayofuata Mbasa alikata pumzi mlimani kama kawaida, na lori la kahawa likamvuta kurudi nyumbani. Pale uwanjani penyewe hakuwahi kuumwa. Unaweza kuliwasha asubuhi likaunguruma mpaka adhana ya adhuhuri, halimisi wala kukatika hata mara moja. Mshale wa mafuta ulikuwa umekufa, kwa hiyo kila wakati Kosmas alichomoa kizibo, akatumbukiza ujiti tangini kupima mafuta, akakiacha kizibo juu ya ukuta mpaka wakati wa kuondoka.

Sasa kuhusu hicho kizibo. Kifuniko halisi cha tangi kiliibiwa Mbuji, wiki ya kwanza kabisa ya Bi Rukia milimani, kabla gari halijaanza kukata pumzi, na mafuta yakawa yanamwagika kwenye kona. Kosmas akakitengeneza kizibo kingine kwa gunzi la mahindi, kama tunavyoziba chupa za asali na madumu ya mafuta ya taa tangu tuzaliwe. Lakini yeye si mtu wa kuchomeka gunzi tu. Mmatengo anayechimba ngoro zake, yale mashimo ya kulimia, mlimani hadi ukizitazama kwa mbali unadhani ni kitambaa kilichofumwa, hawezi kuchomeka gunzi tu. Alilichonga kwa wembe, akalipima, akalichonga tena, akalivisha mpira mwekundu wa tyubu, akaufunga kwa uzi mwembamba, likaingia tangini kwa mlio mdogo na halikuvuja tone. Mzee Athumani alilishika akaligeuza kama yai. "Hata mwizi ataona aibu," alisema. Mimi niliangalia ndala zangu. Ule mpira mwekundu ulikuwa kipande alichoniwekea mimi, cha kukatia kanda za ndala zangu. Nilikuwa nimevaa ndala zenye kanda ya kamba ya katani, na Mbasa amevaa mpira wangu.

Msimu ulikuwa unakaribia kuisha nilipomwuliza kuhusu mshenga. Alikuwa chini ya gari, naona viatu tu. "Nikimaliza hili gari, Tekla," viatu vikasema. "Siwezi kumtuma mzee Liuli watu wakasema mwenye posa ameshindwa na injini." Nikamwuliza posa na injini vinahusiana nini. "Kwangu vinahusiana," akasema, na akaomba nimpe spana namba kumi na tatu. Nikampa kumi na nne.

Jumapili moja baada ya misa alikuja mbio dukani. Bi Rukia alikuwa anashuka Mbamba Bay kuonana na watu wa meli, yeye Kosmas anakwenda kulisikiliza gari njiani, na nafasi ya nyuma ipo. "Tukitoka Mbamba Bay tunapita Liuli," akasema. "Nisalimie wazee kabla mshenga hajafika. Vaa vizuri." Nikavaa vizuri. Nikakunjwa nyuma pale pa mkungu wa ndizi, magoti kidevuni, na tukashuka milima ile kama maji. Mbasa hakukohoa hata kidogo, kona baada ya kona, na ziwa lilipotokea chini yetu, bluu mpaka Malawi, nilisahau wivu wangu wote kwa muda wa kona mbili. Mbele yangu Bi Rukia alisema, "Fundi, leo amekuwa mwanamke mwema." Kosmas akalipapasa dashibodi kwa kiganja. Nikaukumbuka wivu wangu wote.

Mbamba Bay tulikula mbasa wa kukaanga na ugali wa muhogo katika kibanda cha mama mmoja ufukweni, mchanga ndani ya viatu. Samaki alikuwa mkubwa kiasi kwamba mkia wake ulikuwa kwenye meza ya jirani. Walikula wakiongea kabureta. Kama ya kushoto inavuta zaidi kuliko ya kulia, kama chini huku hewa ni nzito, kama likipandishwa sasa hivi, injini ikiwa ingali na joto, ataisikia vizuri inapoanza kukohoa. Nikasubiri wamalize kabureta zote mbili.

"Na Liuli?" nikauliza.

Kosmas alikuwa anachambua mwiba. "Safari ijayo, Tekla. Nataka nilipandishe kabla injini haijapoa. Gari kwanza."

Bi Rukia alivua miwani akaniangalia, kisha akamwangalia yeye. "Kuna nini Liuli, mdogo wangu?"

"Hakuna kitu, dada," nikasema. "Ni wazazi tu."

Tukajikunja garini, na mlima ukaanza. Mbasa alivuta, akavuta, tukapita mashamba ya muhogo, tukapita miembe ya mwisho, tukaanza kuona kahawa, kisha nikasikia akikata pumzi. Akakohoa. Akazima katikati ya kona, bonde upande wangu. Kosmas alikuwa chini kabla gurudumu halijasimama. Boneti likafunguka, Bi Rukia akamshikia plagi kwenye kiganja chenye hina, wakainama pamoja, vichwa karibu, na mimi nikajikunjua kutoka nyuma nikiwa nimekufa ganzi kuanzia nyonga mpaka kwenye ukoo. Nikazunguka nyuma ya gari. Pale palikuwa na kizibo, chekundu, kinanitazama. Nikasema moyoni, wewe ndiye unayekwenda bondeni. Nikakishika kwa mikono miwili nikavuta. Hakikutoka. Nikaweka mguu kwenye bampa, nikavuta tena kwa ugomvi wa msimu mzima, kikatoka, na tangi likasema haaaaa.

Lilivuta hewa kwa nguvu mpaka nikahisi upepo kwenye kifundo cha mkono. Sikuwahi kusikia kitu kikivuta pumzi namna ile, labda mtoto anayejiandaa kulia. Nikasimama, kizibo mkononi, mkono umeshanyanyuka wa kutupa, na badala ya kutupa nikaona debe la mafuta ya taa. Niliona tundu moja, na mteja amesimama mpaka azeeke.

"Kosmas," nikasema. "Lina tundu moja."

"Ngoja, Tekla, niko kwenye platini."

"Achana na platini. Tangi halina pa kuvutia hewa. Umeliziba vizuri mno. Pampu inavuta mafuta, hewa haiingii, mwisho inavuta utupu. Ukishuka ukachezea hapo mbele, hewa inajipenyeza kidogo kidogo, linawaka. Uwanjani unakichomoa kupima mafuta, ndiyo maana haliumwi." Ile shule ya jioni ilikuwa imetusomesha kanieneo ya hewa na nilikuwa nimelala. Kumbe sikio moja lilikuwa macho.

Kosmas aliweka bisibisi chini. Alikuja nyuma, akakichukua kizibo, akakinusa sijui kwa nini. Bi Rukia akakaa kwenye usukani, akapiga selfu, Mbasa akaitika mara moja. Tukachomeka kitambaa kilicholegea mahali pa gunzi, na likapanda. Lilipanda milima yote ile bila kikohozi, likayapita malori, likakipita kivuli chake, nakwambia ndege walikuwa wanarudi nyuma. Bi Rukia alicheka mpaka machozi yakamtoka chini ya miwani. Kosmas aliligeuzageuza gunzi mapajani.

Karibu na mji Bi Rukia aliteremka kumsalimia mkulima mmoja kando ya njia. Kosmas akageuka nyuma. "Tekla. Tukifika uwanjani, acha nieleze mimi."

"Ueleze nini?"

"Kwamba tumeligundua."

"Tumeligundua nani na nani?"

Akauangalia mlima. "Mimi ndiye fundi pale. Unajua watakavyonicheka. Wewe ukinyamaza tu, mzee anakwenda Liuli wiki hii hii. Nakuapia."

Mpaka leo naikumbuka harufu ya petroli na samaki ndani ya lile gari, na jinsi nilivyotaka kusema sawa. Neno lilikuwa hapa, kwenye ulimi. Kisha Bi Rukia akarudi, na Kosmas akanyoosha mkono akamfungulia mlango kwa ndani, haraka, kwa adabu, kama mtu anayefungulia kanisa. Mimi hakuna mlango aliowahi kunifungulia. Tulikuwa na pazia la magunia.

Uwanjani mafundi walitusikia tukija na wakatoka wote. Mzee Athumani akatoka na kanzu yake. Nikasema shikamoo, akaitikia bila kuniangalia, anaangalia gari. "Limepanda?"

"Limepanda, mjomba," akasema Bi Rukia. "Lote."

"Nani amelitibu?"

Bi Rukia alianza kuifuta miwani yake, taratibu sana, ingawa haikuwa na vumbi. Kosmas alifungua mdomo.

"Mimi, Mzee," nikasema. "Lilikuwa debe lenye tundu moja."

Wanawake huniuliza kama najuta. Sijuti. Nikiulizwa tena leo nitajibu hivyo hivyo, labda kwa sauti kubwa kidogo ili wa Songea nao wasikie. Lakini sikujua kwamba wivu unaweza kumhama mtu kama abiria anavyobadilisha gari, na siku ile ulinishuka mimi ukampanda yeye. "Fundi, umeshaomba ruhusa kwa Tekla?" walimwuliza kila alipofungua boneti. "Fundi, mwite mwenye madebe aje asikilize." Aliwahi kucheka mara moja. Hakuja tena nyuma ya pazia. Sahani akaomba apakuliwe yake. Madereva wakaanza kupita dukani kunieleza magari yao yanavyokohoa, wakiwa na plagi mkononi, na kila mmoja aliyeingia alimrefusha Kosmas uso. Msimu ulipoisha Bi Rukia aliondoka na Mbasa, kizibo kikiwa kimetobolewa kwa msumari wangu, na kabla hajaondoka aliniachia miwani yake myeusi, nikaivaa mpaka mkono wake mmoja ukakatika. Kosmas alihamia Njombe. Mshenga hakushuka Liuli. Alishuka mwingine baadaye, wa dereva mmoja aliyekuja dukani na gari zima kabisa, akilalamika kwamba linakohoa.

Hitima ilipokwisha watu walianza kutoka, na ile pikapu nyeupe ikakataa kuwaka. Vijana watatu wakalirukia boneti kama kuku wameona mtama. Kosmas akawaambia wangoje. Alipita karibu na mkeka wetu, akasema, "Hamjambo, akina mama," macho chini, akazunguka nyuma ya gari, akafungua kifuniko cha tangi, akainamisha sikio, akafumba macho. Ule uso. Mkewe akamfuata na lile koti.

"Unasikiliza nini huko nyuma?" akamwuliza.

"Kama linapumua."

"Kila gari likizima, lazima uanzie hapo. Nani alikufundisha?"

Alikigeuza kifuniko mkononi. Nilishikilia sahani yangu.

"Mtu mmoja," akasema. "Hapa hapa, kwenye uwanja huu."

Mkewe akatikisa kichwa, akamvisha koti, akamkunjulia kola. Mimi lile neno la kukiri nilikuwa nimelisubiri tangu nikiwa na kiuno, na limekuja kutamkwa nikiwa hatua chache tu, na aliyepewa ni mkewe.